Nilimkunja mkono mwenzangu kazini, sasa sensei kaniweka pembeni nitazame tu

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina wala chuo. Mimi ni kijana wa miaka 27, kwetu Tanga ila nimekulia Mbagala, Dar, na sasa hivi niko Japani mwaka wa pili nasoma masta kwa skolashipu, mkoa wa Ibaraki. Nakuandikia wewe kwa sababu uliwahi kusema umeishi Japani na umefanya aikido, na mimi huku sina mtu wa kumwambia kwa Kiswahili akanielewa.

Nianzie nyuma kidogo. Kabla sijaja huku, mimi na mchumba wangu tulikuwa tunarudi kutoka kwenye harusi, kama saa tano usiku, tumeshuka kwenye daladala palepale Mbagala, vibaka watatu wakatuzunguka. Walichukua simu zote mbili na pochi yake, na mimi nikapigwa makofi. Makofi Shangazi, sio ngumi, yaani kama mtoto, mbele yake, wakaniambia kaa chini nikakaa. Hatukuumia. Kila mtu akaniambia nimshukuru Mungu mko salama, na mimi nikawa naitikia, ila usiku nililia bafuni nikajiapiza kwamba haitatokea tena mtu aniguse halafu nikae kimya.

Nilipofika Japani nikaanza kutafuta sehemu ya kujifunza kupigana. Nilitaka karate au judo, lakini karibu na ninapokaa kuna dojo (ukumbi wa mazoezi) ndogo ya aikido, ile sanaa ya Kijapani ya kujilinda kwa kumgeuza na kumwangusha anayekushambulia, Jumanne na Ijumaa jioni, ada nafuu, nikasema twende hivyohivyo. Sasa nina miezi nane, bado mkanda mweupe. Siku ya kwanza kuna mama mmoja wa miaka kama 65, ananifikia kifuani, nikamshika mkono kama nilivyoelekezwa nikajikuta niko chini na sijui nimefikaje. Nikaitamani ile nguvu. Lakini tangu siku hiyo sensei, yaani mwalimu wetu, ambaye ni mzee wa miaka 70 na kitu, kila akipita kwangu ananiambia sentensi moja tu, "chikara o nuite", yaani ondoa nguvu, legeza. Miezi nane sentensi hiyohiyo. Hakuna mashindano, hakuna kupigana kwa ukweli, nusu ya muda tunajifunza kuanguka. Nikimtumia mdogo wangu klipu anacheka, anasema bro hiyo ni ngoma, nani mtaani atakushika mkono halafu asubiri umzungushe.

Sasa kilichotokea. Usiku nafanya baito, yaani kibarua, kwenye ghala la mizigo. Kuna kijana mwenzangu pale ana tabia ya kunishika nywele. Mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikacheka, ya tatu nikanyamaza. Mwezi uliopita akaja kwa nyuma, akaniwekea mkono kichwani akawa anapapasa huku anawaambia wenzake kitu, wakacheka wote. Sikufikiria. Niliudaka ule mkono, nikageuka, nikamfanyia nikyo, ile ya kukunja kifundo cha mkono, akaenda magoti palepale. Nikambana. Akawa anapigapiga paja lake kwa ule mkono mwingine na mimi nikaendelea kumbana, labda sekunde tano sita, mpaka wenzake wakaja kunitoa. Mkono ulivimba, wiki nzima hakubeba mzigo. Mkuu wa zamu alituita wote wawili akasema yaishe, hakuna polisi.

Nisikufiche Shangazi, nilijisikia vizuri. Asubuhi ile nilirudi nyumbani natembea kama nimerefuka. Nikampigia mchumba wangu nikamhadithia yote nikijua atafurahi. Akanyamaza. Halafu akauliza, "ulimwachia saa ngapi?" Nikamwambia walipokuja kunitoa. Akasema ana usingizi tutaongea kesho, na tangu siku hiyo meseji zake zimekuwa fupifupi.

Na kumbe mtu mmoja wa dojo anafanya kazi ghala lilelile. Jumanne nafika, nimevaa, nimeinama, sensei akanionyesha pembeni ya tatami, yale majamvi ya mazoezi, kwa mkono, kaa hapo utazame. Hakugomba, hakuuliza. Mpaka leo ni siku ya tano nakalia magoti natazama wazee na watoto wa shule wanafanya mazoezi, miguu inakufa ganzi, nadhalilika.

Halafu nimeanza kusoma habari za mwanzilishi wao, Ueshiba Morihei, wanamwita O-Sensei, yaani mwalimu mkuu, picha yake iko ukutani na ndevu nyeupe, kila mtu anasema aikido ni upendo, aikido ni amani. Kumbe alipigana vita, na baadaye akafundisha wanajeshi. Sasa hiyo amani ni ipi? Naona ni maneno mazuri ya watu ambao hawajawahi kupigwa makofi.

Kuna jimu ya ndondi karibu na stesheni. Niache niende huko? Na hii falsafa yao ni kitu cha kweli au ni woga umevalishwa hakama, lile vazi lao pana la mazoezi?

Aliyekaa pembeni, Ibaraki

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya Mbagala kwanza, maana naona hiyo hukuipata, watu walikimbilia "mshukuru Mungu" wakaishia hapo. Kofi mbele ya mtu unayempenda linakaa mwilini kuliko ngumi. Kule kukaa chini ulipoambiwa ukae ndiko kulikomrudisha binti wa watu kwao mzima na wewe ukapata skolashipu ukiwa hai, watatu, usiku, hujui nani ana kisu, na mtu yeyote aliyefanya budo, sanaa za mapigano za Kijapani, kwa miaka arobaini angekwambia toa simu. Ila najua mwili hauikubali hesabu hiyo haraka.

Sasa nianzie alipoanzia mchumba wako, kwa sababu yeye ambaye hajavaa gi, nguo ya mazoezi, hata siku moja ameona kitu ambacho wewe umekipita mbio kwenye barua. Ulimwachia saa ngapi?

Umeandika mwenyewe kwamba yule kijana alikuwa anapigapiga paja. Unajua ile ni nini. Kwenye dojo yoyote ukipiga tatami au ukijipiga mwilini maana yake basi, nimefika mwisho, na aliyekushika anaachia hapohapo, hamalizii, haongezi. Yule kijana hajafundishwa, mwili wake uliitoa ile ishara wenyewe. Na wewe kwa miezi nane umeipiga kila Jumanne na kila Ijumaa, mara ngapi kwa jioni moja, ishirini, thelathini, na kila ulipoipiga yule mama wa miaka 65 aliachia. Hajawahi kukuchelewesha. Ndiyo maana kifundo chako ni kizima na ukaweza kukitumia kumuumiza mtu mwingine.

Nikyo ikifanywa sawasawa inauma vibaya sana halafu ukiachia maumivu yanaondoka karibu yote, mtu anainuka anakunja ngumi anatikisa mkono mnaendelea. Mkono unavimba ukiendelea kubana baada ya mtu kushakubali. Kwa hiyo ile sekunde ya kwanza ilikuwa aikido, na sitakulaumu sana kwa hiyo, ameshika kichwa chako kwa nyuma. Zile tano zilizofuata zilikuwa kitu kingine.

Ngoja nikuambie ninavyoielewa mimi hii amani, maana watu wengi wanaitafuta kwenye maneno ya ukutani na wanaikosa. Iko kwenye mpangilio wa mazoezi. Mnakuwa wawili, mmoja anashambulia, mwingine anaangusha, mara nne, kulia na kushoto, halafu mnabadilishana, na hakuna anayehesabu nani kashinda. Nusu ya maisha yako ya aikido wewe ndiye mshambuliaji na wewe ndiye unayeanguka. Unamkopesha mwenzako mwili wako, kifundo, kiwiko, shingo, anautumia kujifunza, anakurudishia mzima ili na yeye akukopeshe wake. Na angalia mbinu zinavyoisha, mtu amelala kifudifudi, bega limefungwa, hawezi kuinuka na hajavunjika kitu. Kuna njia rahisi zaidi za kummaliza mtu aliyekushika mkono, nyingi tu, na jujutsu ya zamani ambako aikido imetokea ilikuwa nazo. Mtu aliyechukua mbinu za kuvunja kiwiko akazigeuza ziende upande ambao kiwiko kinakunjika chenyewe, huyo alikuwa anajua kabisa anachokiacha.

Mimi nilianza mwaka 1994 Tokyo, mume wangu anasoma, mimi na mtoto mdogo na upweke mwingi, ukumbi wa michezo wa wilaya ulikuwa na darasa la asubuhi. Siku moja nilipangwa na mzee mmoja, na jana yake nilikuwa nimetukanwa kwenye treni na mtu ambaye sikuweza kumjibu kwa sababu Kijapani changu kilikuwa hakitoshi hata kugomba. Nikamfanyia yule mzee shihonage, mbinu ya kumwangusha mtu kwa kumkunja mkono, kwa nguvu zangu zote. Alianguka vizuri, akainuka, akakunja mkono wa gi akanionyesha kiwiko chake ambacho hakinyooki, jeraha la zamani, akasema taratibu, "Huyo wa jana hayupo hapa. Niko mimi." Sikuwa nimemwambia habari ya jana. Nadhani mwili ulimwambia.

Kijana wa ghalani alilipa deni la vibaka watatu, mwanangu. Alikuwa na deni lake, la nywele, deni dogo na la kweli, ila ulimtoza na la wengine.

Na sitaki unielewe vibaya kuhusu hizo nywele. Sio utani. Mtu kukupapasa kichwa kama mbuzi wa maonyesho ni dharau na ulikuwa na haki ya kuikomesha. Ninachosema ni kwamba ulichelewa. Umejifunza irimi, sivyo? Irimi ni kuingia. Mkono unapoanza kuja, ukiwa bado mwepesi, haujabeba uzito, wewe unaingia ndani kwa pembeni, hungoji ngumi ifike ndiyo uanze kuitafutia dawa. Mara ya kwanza alipokushika ulicheka na moyoni hukucheka. Ile ndiyo ilikuwa saa ya irimi. Kugeuka, kumtazama usoni, "yamete kudasai", acha tafadhali, kwa sauti ya kawaida, bila tabasamu. Asiposikia, kwa mkuu wa zamu siku hiyohiyo. Watu wanadhani amani ni kumeza, unameza la kwanza, la pili, la tatu, halafu la nne linatoka na magoti ya mtu. Sensei wako akikwambia ondoa nguvu hamaanishi ukubali kila kitu, anamaanisha ukikakamaa huwezi kusikia mkono wa mwenzako unaelekea wapi, na ukikosa kusikia unachelewa, na ukichelewa inabidi utumie nguvu. Kwako imekuwa hivyohivyo kama ilivyo kwenye tatami.

Bibi yangu alikuwa na msemo, mwenye nguvu mpishe. Miaka mingi niliuchukia, niliuona msemo wa wanyonge. Kwenye tenkan, ile mbinu ya kugeuka, nikauona upya. Unampisha, ndiyo, unageuka na nguvu yake inapita, lakini umebaki naye ubavuni, unatazama anakotazama, na mkono wako uko kwenye kiwiko chake. Hajakukuta na hajakukosa.

Sasa Ueshiba. Umesoma kwamba alikuwa mwanajeshi ukaishia hapo, na ulipaswa kuanza kusoma mapema zaidi. Alizaliwa Desemba 1883 mji wa Tanabe, Wakayama, mtoto mwembamba wa kuugua ugua, na hadithi inayosimuliwa ya utoto wake ni kwamba aliona baba yake akipigwa na wahuni wa mpinzani wake wa siasa, akajiapiza atakuwa na nguvu. Umeisikia hiyo? Ni kiapo chako. Baba yake alipigwa mbele yake, wewe ulipigwa mbele ya mchumba wako. Jeshi lilimkataa kwanza kwa ufupi, hakufika kipimo cha sentimita 157 hivi, wanasema alikuwa anajining'iniza kwenye miti amefunga uzito miguuni ili anyooke, mpaka akachukuliwa na akapigana vita ya Urusi na Japani. Mwaka 1915 kule Hokkaido akakutana na Takeda Sokaku, bwana wa Daito-ryu, shule ya jujutsu, mtu mkali, mwenye kumshuku kila mtu, na akajifunza kwake kwa njaa kubwa. Kwa hiyo nguvu aliipata, alikuwa nayo ya kutosha.

Halafu ukaja 1920. Baba akafariki Januari, na mwaka uleule akazika na watoto wake wawili wa kiume, wadogo. Baba aliyekuwa sababu ya nguvu yote ile hayupo, na nguvu haikumsaidia kitu kwa watoto. Akahamia Ayabe kwa Deguchi Onisaburo, kiongozi wa dini ya Omoto, akawa analima na kusali na kufundisha. Mwaka 1924 akamfuata huyohuyo Deguchi kwenda Mongolia kwa ndoto ya kuanzisha nchi ya amani, wakakamatwa na wanajeshi wa China, wakafungwa minyororo, walinusurika kupigwa risasi dakika za mwisho.

Mwaka uliofuata, 1925, akaja ofisa wa jeshi la majini, mtu wa upanga, wakatofautiana, wakashika panga za mbao, au niseme yule ofisa ndiye aliyeshika maana wanasimulia Ueshiba hakumpiga hata mara moja. Kila pigo lilipokuja hakuwepo. Mpaka ofisa akachoka akakaa chini. Baada ya hapo akaenda kisimani kunawa, bustanini, na akasema alijisikia ardhi inatetemeka na mwanga wa dhahabu umemfunika, na kuanzia hapo akawa anasema budo ni upendo wa kulinda kila chenye uhai. Huo mwanga ni kati yake na Mungu wake. Mimi kinachonigusa ni kile kilichotangulia, mtu aliyejiapiza utotoni kwamba atawapiga, amepata siku ambayo ana kila uwezo wa kupiga, na hapigi, na mwingine anakaa chini mzima.

Kuhusu jeshi, uko sahihi na sitakufunika macho. Miaka ya 1930 alikuwa na dojo Tokyo, eneo la Shinjuku, na alifundisha kwenye vyuo vya jeshi, la nchi kavu na la majini, mtu amekwishasema budo ni upendo na bado anawafundisha hao. Wanafunzi wake walikwenda vitani. Mimi sina namna ya kulisafisha hilo na sioni kwa nini nijaribu. Mwaka 1942 vita vikiwa katikati akaacha kazi zake Tokyo akaenda Iwama, kijijini, kulima na kujenga madhabahu yake ya Aiki, na mwaka huohuo ndipo jina aikido liliposajiliwa rasmi. Ai ni kukutanisha, ki ni ile pumzi ya uhai, do ni njia, na yeye mwenyewe alikuwa anapenda kusema hiyo ai inatamkwa sawa na ai ya upendo. Dojo ya Tokyo akamwachia mwanawe Kisshomaru, na mabomu ya 1945 yalipochoma mitaa, familia zilizounguliwa nyumba zililala kwenye zile tatami. Ukiniuliza amani ya aikido ina sura gani, naiona hiyo zaidi ya ile ndevu ya ukutani, sakafu ya kuangushana imekuwa kitanda cha watoto wa jirani.

Kwa hiyo unaposema ni maneno ya watu ambao hawajapigwa makofi, hapana baba. Yalisemwa na mtu ambaye baba yake alipigwa, aliyepigana vita, aliyezika watoto, aliyefungwa minyororo. Unaweza kumkataa, ila sio kwa sababu hiyo.

Mdogo wako mjibu hivi. Ule mkono unaoshikwa ni wa enzi za upanga, ukimshika samurai kifundo hawezi kuuchomoa, na lile pigo la kichwani la shomenuchi nalo ni upanga bila upanga. Nani mtaani atakushika mkono? Wengi tu, kibaka anavuta pochi, mlevi anavuta shati, ila ni kweli hasubiri uzungushe, na aikido haitakufanya uwapige watu watatu usiku. Mtu akikuahidi hivyo anakudanganya. Itakufundisha kuona mapema, kusimama pembeni, kuanguka bila kuvunjika, na kutoganda. Kuanguka peke yake kutakufaa uzeeni kuliko ngumi zote. Na hakuna mashindano kwenye dojo nyingi kwa sababu Ueshiba hakutaka, aliona ukishaweka mshindi umeshahitaji mtu wa kumshinda. Wapo waliotofautiana naye, Tomiki Kenji mwanafunzi wake mwenyewe aliweka mashindano pale Chuo Kikuu cha Waseda, na ni watu wa heshima.

Ndondi nayo haina aibu. Bondia mzuri kengele ikilia anashusha mikono hata kama mwenzake yuko wazi, kwa hiyo usidhani kule utaikwepa hii ya kuachia. Ukitaka kwenda nenda, lakini baada ya kumaliza la hapa. Ukienda sasa hivi utakuwa unakimbia kipande cha tatami cha mita moja, na mapigo utakayorusha kule kila moja litakuwa na jina la mtu wa Mbagala.

Na hapo pembeni ulipokaa, nani kakwambia ni adhabu? Wana neno lake, mitori-geiko, mazoezi ya kutazama. Aliyeumia goti anafanya, mwenye mafua anafanya, mabwana wakubwa wanafanya. Ukiwa unafanya unaona mkono wako tu. Sensei angeweza kukufukuza, na dojo ya zamani ingekufukuza, kutumia mbinu nje kwa hasira ni jambo zito. Badala yake amekupa sehemu ya kukaa na mlango haujafungwa. Umekaa siku tano unatazama miguu yako inavyokufa ganzi. Ijumaa mtazame mtu mmoja tu, yule mama. Usimtazame anapoangusha. Mtazame wakati mwenzake anapiga tatami, tazama vidole vyake vinafanya nini.

Halafu mambo ya kufanya, na yafanye wiki hii. Ya kwanza ni yule kijana. Nunua boksi la vitamu, vile vilivyofungwa vizuri vya dukani, vaa nguo nadhifu, umwone kabla ya zamu na mkuu wa zamu awepo, iname sawasawa, useme "moshiwake gozaimasen", naomba radhi sana, na ukae umeinama mpaka akuambie basi. Uliza alilipa ngapi hospitali ulipe. Usitaje nywele siku hiyo. Siku nyingine, wiki ijayo, mwambie kwa utulivu kwamba nywele zako asiguse, na mkuu wa zamu ajue umesema. Ukichanganya vyote viwili siku moja msamaha unageuka kuwa kesi. Na ujue amekusamehe kikubwa, sheria ya Japani kumjeruhi mtu ni hadi miaka 15 ndani au faini hadi yeni 500,000, na mwenye viza ya mwanafunzi anaweza kurudishwa kwao hata kwa kifungo kifupi kuliko hicho.

Sensei usimwombe msamaha kwa hotuba. Fika mapema, chukua kitambaa ufute tatami kabla wenzako hawajaja, na akikutazama mwambie umeenda kumwona yule kijana. Sentensi moja. Atakachosema akisema, au asiposema kitu, kaa tena pembeni.

Na kwa kuwa uko Ibaraki, huna kisingizio, Iwama iko mkoani kwako, siku hizi ni sehemu ya mji wa Kasama, panda Joban Line ushuke stesheni ya Iwama. Ile madhabahu ipo na dojo yake ipo, na kila tarehe 29 Aprili wanafanya ibada ya kumkumbuka, maana alifariki tarehe 26 Aprili 1969. Mimi nilienda mara moja, na mtoto mgongoni. Ni padogo, miti mingi, patulivu. Nenda uone mtu aliyejiapiza kama wewe aliishia wapi.

La mchumba wako usilifanye kwa meseji. Alikuwepo usiku ule wa vibaka, alishikwa na yeye, akavuliwa pochi, na huenda hajakuambia alijisikiaje kwa sababu wote mlikuwa mnashughulikia makofi yako. Uliposema hukuachia mpaka walipokutoa, sijui alimwona nani kwenye hiyo picha, ila nina wasiwasi hakukuona wewe. Mpigie, usianze na ghala. Anza na kumuuliza usiku ule kwake ulikuwaje, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize hata kama atasema kitu kinachouma. Huko mko mbele kwa masaa sita, ukimpigia saa tano usiku ya huko, huku kwetu ni saa kumi na moja jioni, atakuwa ametoka kazini.

Shangazi